Chuma Kwanza, Fimbo Baadaye

Kati ya kisiwa cha Pemba na bara, bahari inateremka hadi zaidi ya mita 800. Kina hicho kina wenyewe. Hata silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kuamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, alianza kunaswa kwenye majarife ya papa upande wa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mvuvi wa Jumamosi hana shughuli huko. Samaki anaowatafuta kwa jigi (chambo cha chuma), yaani kolekole, kungu, chewa na jodari, wanakaa ukingoni, pale mwamba unapokatika kutoka mita 30 kwenda 120 na mkondo ukagonga ukuta ule ukapanda nao vibua na dagaa. Kula yao iko hapo, na wao wako hapo.

Kwa miongo mingi uvuvi wa burudani Shimoni, Watamu na Malindi ulikuwa wa kukokota. Boti inakwenda, chambo kinafuata nyuma, sulisuli au nduaro anapanda juu kukifukuza. Mwandishi Ernest Hemingway alipofika Malindi mwaka 1934, bahari kuu ilikuwa tayari ikivutia watu wenye nafasi, na kukokota kunataka nafasi kweli, kwa sababu injini haizimwi kuanzia asubuhi hadi jioni. Jigi ni kinyume chake. Boti inapelekwa juu ya mwamba, inaachwa iende na maji, na kila aliyemo anashusha kipande cha chuma hadi chini kabisa kisha anakipandisha akikichezesha. Chuma chenyewe hakina damu wala harufu. Kikikaa kimya ni timazi tu. Watu wanne wakichangia mafuta ya boti moja ya fiba wanaweza kuvua hivyo siku nzima, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtindo huu, uliokomazwa na Wajapani, kupata wafuasi Dar es Salaam, Unguja na Mombasa miongoni mwa watu wasiokuwa na yoti wala jina la ukoo maarufu.

Tatizo la wengi wao huanzia dukani. Mtu anaingia, anaona fimbo nzuri, anaipima mkononi, anaipenda. Akishainunua anatafuta rili ya kuifaa, kisha uzi wa kujaza rili, na mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, anaokota jigi mbili zenye rangi ya kuvutia. Amenunua kwa kuanzia juu. Bahari haijui habari za fimbo. Inachojua ni kina chake na kasi ya maji yake siku ile, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua uzito wa chuma. Uzito wa chuma unaamua uzi, uzi unaamua rili, na fimbo inakuja mwisho. Anayenunua kwa mpangilio huo hutumia pesa kidogo na hupata samaki zaidi. Anayeugeuza hujikuta na fimbo ya gramu 100 juu ya mkondo unaodai gramu 250.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha uvuvi wa jigi ni kalenda ya mwezi, na hicho hakiuzwi ghali. Bamvua likiwa limekomaa, siku moja mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu, maji ya Unguja na Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Maji hayo yote lazima yapite mahali, na yanapopita kwenye mikono ya bahari na vichwa vya miamba hukaza kiasi kwamba chuma cha gramu 150 kinaondoka kikielea upande kama hakina uzito. Maji mafu ndiyo siku za mwanafunzi. Mkondo ni mpole, uzi unasimama wima, na mtu anaweza kuhisi chini. Hata siku ya bamvua kuna nafasi, ile nusu saa hivi maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Manahodha wazuri hupanga safari nzima kwa ajili yake, wakawahi mwamba wao bora kabla maji hayajasimama.

Juu ya hilo kuna pepo. Mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo unausukuma kwa nyuma na unakimbia. Wakati wa kaskazi upepo unaukabili na unapungua. Mwezi wa saba, jigi iliyokutosha vizuri Januari mahali palepale itakuwa nyepesi mno, mbali na kwamba bahari yenyewe haitakuwa ya kuchezea. Ndiyo maana wengi huweka jigi kabatini kusi inapokaza na kuitoa kuanzia matlai hadi mwisho wa kaskazi.

Baada ya kalenda, sasa gramu. Kanuni ya kuanzia ni rahisi: gramu moja kwa kila mita ya kina, kisha ongeza kadiri maji yanavyokwenda. Wavuvi wetu wanahesabu kwa pima, na pima moja ni kama mita 1.8, hivyo nahodha akikwambia "hapa pima thelathini na tano" jua kwamba ni mita 60 na ushee. Katika maji mafu gramu 80 hadi 100 zinatosha hapo. Maji yakikaza utataka 150, pengine 200. Kipimo cha kweli ni pembe ya uzi. Ukishuka wima au karibu na wima, umepatia. Ukilala hadi unakimbia upande badala ya kwenda chini, jigi haichezi tena, inakokotwa, na kila unapoilegeza inakwenda kutafuta jiwe la kunasia. Pandisha, ongeza uzito, shusha upya. Kubishana na maji ni kupoteza chuma.

Umbo lina mambo yake. Jigi ndefu nyembamba inakata maji, inafika chini upesi, na ukiivuta kwa kasi inaruka huku na huku mithili ya kibua aliyeona adui. Hiyo ni ya kolekole na jodari, samaki wanaokimbiza. Jigi fupi pana, yenye tumbo, ikiachiwa hailengi chini moja kwa moja. Inalala ubavu, inapepea, inateleza kushoto na kulia kama jani la mkungu linaloanguka siku isiyo na upepo. Hiyo ni ya chewa, kungu na changu, na hata ya kolekole mvivu wa saa sita mchana. Mkobani ukiwa na ndefu tatu na pana tatu za uzito tofauti, una mengi kuliko wengi. Zipo pia za tangsteni, madini mazito kuliko risasi kwa zaidi ya nusu, hivyo kwa gramu zilezile umbo linakuwa dogo na linazama upesi. Bei yake inauma. Mimi singezipendekeza kwa mtu anayevua juu ya matumbawe, ambako chuma kinapotea kila safari.

Wapo mafundi wanaojitengenezea jigi kwa kuyeyusha risasi za betri kuukuu za gari. Nawaheshimu kwa ubunifu, ila risasi ya betri imechanganyika na tindikali na madini mengine, na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto. Anayetaka kumimina atafute risasi safi, aende mahali pa wazi penye upepo, na sufuria ile isirudi jikoni kamwe.

Rangi ndipo watu wanapobishana sana na ndipo pasipo na mengi. Maji yanameza rangi nyekundu kwanza. Mita kumi hivi chini ya uso wa bahari wekundu umeshafifia. Kwenye mita 60 kilichobaki ni mwanga hafifu wa bluu, na ile waridi iliyokupendeza dukani inaonekana kijivu. Kinachofanya kazi huko ni mmeto wa ubavu unapogeuka, na ule mpako unaowaka gizani kama mistari kadhaa mwilini. Chukua fedha moja, bluu moja, na moja yenye mistari ya kuwaka. Pesa iliyobaki itaenda kwenye ndoana.

Na ndoana za jigi si zile za pembe tatu zinazokuja zimefungwa mkiani. Zing'oe. Juu ya miamba zinanasa kabla samaki hajapata nafasi, na kolekole mkubwa anazinyoosha. Ndoana inayotakiwa ni ya pembe moja, nene, imefungwa kwenye kikamba kifupi kigumu, na inaning'inia juu, upande unaofungiwa uzi, kwa sababu samaki anayekimbiza mara nyingi hulenga kichwa. Kwa jigi pana zinazopepea, weka nyingine chini pia, maana huko wanakula wakati chuma kinashuka na hakuna ajuaye watatokea upande upi. Kikamba kisizidi nusu ya urefu wa jigi, la sivyo ndoana mbili zitakumbatiana. Mpangilio wa kufunga ni huu: lida, yaani kipande cha mwisho cha uzi, na kikamba cha ndoana vinakwenda kwenye pete nzima isiyo na mwanya, na jigi inaunganishwa kwa pete ya mwanya unaofunguka. Hivyo samaki anavutana na lida moja kwa moja, na chuma kinaning'inia pembeni bila kubeba mzigo. Wengi hufunga lida kwenye pete ya mwanya, na uzi huteleza hadi kwenye ncha ya mwanya ukakatika.

Lida ni kile kipande cha mita tatu hadi tano kati ya jigi na uzi mkuu. Kuna ya nailoni na kuna ya florokaboni. Florokaboni inazama, haionekani kirahisi majini, na ngozi yake inastahimili kusuguana na mwamba, kwa hiyo ndiyo inayochaguliwa. Unene wa milimita 0.6 hadi 0.8 unafaa kazi nyingi za pwani yetu.

Uzi mkuu ni mahali pa kutobana matumizi. Jigi haifanyiki kwa nailoni. Nailoni inanyumbuka, ukivuta juu nusu mita, kina cha mita 80 kinameza mvuto wote na chuma hakijatikisika. Uzi wa kusuka wa polithilini haunyumbuki, kwa hiyo kila unalofanya juu linafika chini na kila linalotokea chini linafika kwenye vidole. Isitoshe ni mwembamba. Uzi wa Kijapani namba 3 una unene wa kama milimita 0.28 tu na hubeba karibu kilo 20. Nailoni ya nguvu hiyo ni nene zaidi ya mara mbili, na unene huo wote ni mkono wa mkondo unaoushika na kuuburuta. Namba 2 hadi 3 inatosha kwa uvuvi wa kawaida, namba 4 hadi 6 kwa wanaotafuta majitu. Nunua ule unaobadilika rangi kila mita kumi. Nahodha akisema samaki wanaonekana kwenye mashine ya kutafutia samaki mita ishirini juu ya mwamba, wewe hesabu rangi mbili kutoka chini na ucheze hapohapo.

Kuunganisha uzi wa kusuka na lida kunataka fundo la FG, ambalo uzi mwembamba unazungushwa kwa kupishana juu ya lida mara ishirini hivi, ukabana wenyewe kadiri unavyovutwa. Halina kitanzi wala nundu, linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga. Lifunge nyumbani, mezani, penye taa. Kulifunga botini upepo ukivuma ni adhabu.

Rili nzuri ni ghali na hakuna njia ya mkato. Maji ya chumvi na risasi ya gramu 200 inayopandishwa mara mia kwa asubuhi moja huua rili ya mto ndani ya msimu. Shimano na Daiwa ndio wametawala soko la juu. Kumbe Shimano ni walewale wa gia za baiskeli, kampuni iliyoanzishwa Sakai, Japani, mwaka 1921, na ukifungua rili yao unaona ni watu waliozoea meno ya gia. Lakini usilazimike kununua ya juu kabisa. Angalia mambo mawili: ichukue mita 300 za uzi uliouchagua, na breki yake iwe laini, inayoachia uzi bila kushtuka. Breki ipimwe kabla ya kutoka, kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye ncha ya uzi. Thuluthi ya nguvu ya uzi ndiyo kikomo, yaani kilo sita hivi kwa uzi wa kilo 20. Jaribu kushika kilo sita kwa fimbo ukiwa umesimama juu ya boti inayoyumba ndipo utajua kwamba mengi yanayosemwa dukani kuhusu breki za kilo 15 ni hadithi.

Fimbo, basi. Urefu wa mita 1.6 hadi 1.9, na gramu zilizoandikwa kwenye mpini zilingane na jigi zako. Yatosha.

Ndugu aliyeko Maskati au Dubai akikuuliza akuletee nini, usimtajie jina la kampuni. Mtajie gramu, namba ya uzi na milimita za lida.

Ufundi wa mkono haununuliwi, ila huku kwetu uko tele. Mvuvi wa mshipi, kuanzia Vanga hadi Kilwa, anayevua kwa nailoni iliyopita juu ya kidole cha shahada, anajua tofauti ya kugusa mchanga, kugusa jiwe na kudonolewa na changu, na anajua bila kutazama. Mpe fimbo ya jigi na kwa saa ya kwanza atailalamikia; ya pili atawapita wenye boti. Nimeona zaidi ya mara moja wageni wenye vifaa vya thamani ya pikipiki wakiduwaa mbele ya baharia wa boti yao wenyewe. Siri ni kwamba jigi inasomwa zaidi inaposhuka kuliko inapopanda. Uzi unatiririka, ukisimama kabla ya wakati, hujafika chini, umeliwa. Funga rili, kaza. Usipoliwa, utahisi uzi unalegea ghafla chuma kinapotua. Hapo usingoje. Kila sekunde jigi inayolala mwambani inatafuta mahali pa kunasa, hivyo kabla haijatulia uwe umeshaipandisha mita mbili.

Kuna miondoko miwili ya kujifunza kwanza. Wa haraka: mpini wa fimbo umebanwa kwapani, fimbo inapanda kidogo kila mzunguko mmoja wa rili, mkono na rili vikienda kwa pigo moja. Pigo likivunjika, jigi inavunjika nayo. Rangi tatu nne juu, kisha achia ishuke tena. Wanaoanza huvuta kwa mabega na wanachoka kabla ya saa tatu asubuhi. Nguvu inayohitajika ni ya kiganja na kiwiko. Wa taratibu: zungusha rili robo au nusu, fimbo ipinde kisha ijinyooshe yenyewe na kuirusha jigi, halafu shusha ncha na uipe uzi wa kulegea ili ianguke kwa ubavu. Hesabu moja, mbili. Wanakula hapo, katika anguko, na dalili ni ndogo: uzito haurudi unapoutarajia. Fimbo za mtindo huu ni nyembamba na hazikujengwa kuinua samaki. Akishanasa, ielekeze fimbo chini na umvute kwa rili.

Yote haya yanamtegemea nahodha kuliko wavuvi wanavyopenda kukiri. Boti ikienda kasi kuliko maji, nyuzi zote zinalala. Wajapani hufunga tanga dogo tezi ili chombo kikabili upepo. Hapa kwetu nahodha hukaa na injini, akirudisha nyuma kidogo, akisogeza mbele kidogo, ili nyuzi zibaki wima. Siku ya upepo, nanga ya mwavuli inayoburutwa majini inapunguza kazi yake nusu.

Kolekole mkubwa akinasa anageuka na kwenda chini kwenye mwamba bila kufikiri mara mbili. Mita kumi za kwanza ndizo pambano lote. Ukimpa nafasi ya kupumua hapo, lida itakutana na jiwe na hadithi imekwisha. Mvute mfululizo, bila kupampu kwa mbwembwe, hadi awe rangi mbili juu. Baada ya hapo mpe breki ajichoshe. Papa wakijitokeza na kuanza kukuachia vichwa vitupu, hameni. Mahali pale patabaki pao kwa siku hiyo, na kuendelea ni kuwalisha samaki ambao hukukusudia kuwaua.

Kabla ya kushusha chochote, jueni mko wapi. Hifadhi ya bahari ya Kisite, nje kidogo ya Shimoni, hairuhusu uvuvi wa aina yoyote, na ramani ya simu haitamwonya mtu anayepelekwa na maji akiwa amekodolea macho ncha ya fimbo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania, ina maeneo yaliyofungwa kabisa na mengine yenye masharti. Kibali kiulizwe ofisini mapema.

Jambo gumu zaidi ni chewa. Huanza maisha akiwa jike na hugeuka dume baadaye, kwa hiyo wale wakubwa mnaopiga nao picha ndio madume machache ya mwamba ule, na wakiisha watachukua miaka kurudi. Kumrudisha majini si kumtupa tu. Kwenye mita 50 shinikizo ni mara sita ya lile la juu, na hewa iliyomo tumboni mwake inatanuka mara sita anapopanda. Ndiyo maana anafika akiwa ameumuka, tumbo la chakula limetokea mdomoni, na ukimwachia ataelea hadi mwewe au papa amchukue. Msimtoboe kwa kisu. Chukueni ndoana nene iliyobanwa jino lake kwa koleo, ifungeni kichwachini juu ya timazi la kilo mbili au tatu, mpitishieni mdomoni na mmshushe kwa mshipi wa akiba. Kadiri anavyoshuka anapungua na anapata nguvu. Mita 30 mara nyingi zinatosha. Mshipi ukivutwa mara moja kwa nguvu ndoana inachomoka, mwenye mshipi anaukusanya, na nahodha anarudisha boti juu ya mkondo kwa mteremko mwingine.